Mama Lorna Chepkosgei Kigen na Vidonge vya Kopo Moja

Wachungaji, wazee, jamaa na majirani, Mama Lorna Chepkosgei Kigen tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1972, mlimani juu ya Kimilili, Kaunti ya Bungoma, mtoto wa nne wa Mzee Kiplangat na Mama Cherono. Alisoma hadi darasa la saba, akauza vitunguu sokoni Kimilili, na tarehe 7 Desemba 1991 akafunga ndoa na Kipchirchir Kigen, wakahamia shamba hili nje ya Kitale, wakajaliwa Kevin, Ian na Chemutai, ambaye anawasomea.

Mwaka wa 2021 alipatikana na presha, na Machi 2022 yeye na jirani yake, Mama Phelista Barasa, wakajiunga na watu mia tano wengine katika utafiti wa dawa ya kuzuia kiharusi, nusu wakipewa dawa na nusu vidonge vinavyofanana nayo lakini vitupu, bila mtu kujua amepata vidonge gani. Wao wawili walivimimina vyao katika kopo moja, wakagawana kila asubuhi kwa miezi minne, mpaka Mama mwenyewe akamwambia muuguzi, Mary Ann Ngige, bila kuulizwa, "Chumvi tunaombana, sasa dawa nimnyime jirani?" Majina yao yakaondolewa kwenye hesabu.

Januari 2025 majibu yalitoka, na Mama alitaka apigiwe hesabu hiyo mara tatu mezani: kati ya watu 250 waliopewa dawa, kumi walipatwa na kiharusi, yaani wanne kwa kila mia, na kati ya 250 wa vidonge vitupu, ishirini, yaani wanane kwa kila mia, nne ukigawanya kwa nane unapata nusu, kwa hivyo dawa ilipunguza hatari ikabaki nusu, haikuimaliza. Ikajulikana pia kwamba vidonge vya Mama vilikuwa vitupu na vya Phelista ndivyo dawa, Mama akalia kwa kuwa alikuwa amekula dawa ya mwenzake.

Wote wawili walianza kupewa dawa yenyewe, lakini tarehe 3 Mei Mama alipatwa na kiharusi, akafariki tarehe 9 hospitalini Kitale. Tangu siku hiyo imesemwa hapa nyumbani kwamba dawa ndiyo imemuua, na Mama Phelista akaacha kumeza. Familia inaomba ieleweke kwamba wale kumi wa utafiti waliopatwa na kiharusi pia walikuwa wakimeza dawa, na Mama amekuwa kama mmoja wao, lakini bila dawa wangekuwa ishirini, kwa hivyo wako kumi wengine waliookolewa, ambao hakuna anayeweza kuwaonyesha kwa kidole, kwa sababu hawakuugua, wako mashambani wanapalilia. Neno la mwisho alilotamka Mama, kwa shida, lilikuwa, "Mwambie Phelista ameze vyake vyote, asimpe mtu."

Tunawashukuru madaktari, muuguzi Mary Ann, majirani waliokesha nasi, na akina mama wa sokoni. Tunamshukuru zaidi Mama Phelista, ambaye leo asubuhi, kabla jeneza halijatolewa nje, aliomba maji akameza mbele yetu.

Pumzika kwa amani, Mama, ameambiwa na amesikia.