Oili Mpya kwa Basi Namba Tisa

Ijumaa, tarehe 26 Juni. Huu ni mwaka wa ishirini na saba tangu nilipotoka kwetu Uvira, na wa kumi na tisa tangu nianze kuendesha basi la shule huku ughaibuni, hapa Corbin Falls. Katika miaka hiyo kumi na tisa, mtu wa kwanza niliyemwona kila asubuhi ya kazi alikuwa Verlin Gonyea, fundi mkuu wa gereji yetu. Leo Verlin anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Wenzangu wamenikabidhi kuandika haya kwa jarida la wafanyakazi, kwa hoja kwamba mimi ndiye dereva pekee anayesoma vitabu akisubiri kengele ya shule.

Verlin alizaliwa katika shamba la ng'ombe wa maziwa, maili tatu kutoka gereji hii. Baba yake alipouza ng'ombe, Verlin alikuja kuomba kazi ya majira ya baridi moja tu. Baridi hiyo haikuisha. Alitengeneza breki zetu, milango yetu, na mitambo ya kupasha joto ambayo hufa siku ile inapohitajika. Chakula chake cha mchana, soseji za paa aliyemwinda mwenyewe, alikipasha moto juu ya injini, kimefungwa kwa karatasi ya aluminiamu. Kuna mabasi ambayo mpaka leo yananukia kitunguu.

Ulimi wake tumeuzoea. Darlene Pecore, dereva wa basi namba tisa, aliwahi kumlalamikia kwamba breki zake zinalia.

"Zinalia kwa sababu zimekuona," Verlin akamjibu, wala hakutoa kichwa chini ya gari. Mchana breki zilikuwa kimya.

Lakini tukimkumbuka Verlin, tutamkumbuka zaidi kwa mambo ya mabasi ya umeme.

Mwaka jana serikali ya jimbo ilijitolea kutulipia karibu gharama yote ya mabasi manne ya umeme, ila hapa kwetu basi la shule halinunuliwi mpaka wakazi wapige kura. Tukakutana ukumbini, pale watoto wanapochezea mpira wa kikapu. Watu walikuja wamekunja uso. Harlan Tatro, mkulima ambaye wajukuu zake wanapanda basi langu, alisimama.

"Verlin, achana na siasa, tuambie ukweli. Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri, hicho kidude kitaondoka?"

Verlin alivua kofia. "Harlan, haya ya dizeli kila jioni ya baridi nayachomeka kwenye umeme injini zipate joto, la sivyo asubuhi hayaamki. Trekta lako wewe limechomekwa tangu Novemba, nimeliona. Tunalipia umeme, kisha tunalipia na dizeli. Haya mapya nayo tutayachomeka. Tofauti ni kwamba yakishakula, yanakwenda."

Ukumbi ulicheka. Harlan hakucheka. "Na yakigoma njiani na watoto ndani?"

"Nitakuwapo. Siondoki mpaka yamalize majira ya baridi mazima."

Sote tulijua kwamba alikuwa amekwisha kutangaza kustaafu Juni ya mwaka uleule. Mkewe, Jeannine, aliyeketi mstari wa pili, alitazama dari akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Na kabati zangu za jikoni, zisizo na milango mwaka wa sita huu, kwa hizo nani atakuwapo?"

Kura zilitosha, kwa kuzidi chache. Wengi walisema wazi kwamba hawakuipigia serikali wala umeme. Walimpigia Verlin.

Kisha yakaja masharti. Kwa kila basi jipya, moja la zamani lilipaswa kuuawa: litobolewe tundu kubwa kwenye bloku ya injini, na picha ipelekwe Albany, kwenye ofisi za serikali ya jimbo. Matatu hayakutusumbua, yalikuwa yamekwisha kuoza. La nne lilikuwa namba tisa.

Lazima mtu ajue watu wa milima hii ili aelewe. Hapa hakitupwi kitu. Nyuma ya kila zizi kuna magari matatu mabovu yanayotunzwa kwa ajili ya spea. Kuua injini inayofanya kazi ni jambo ambalo hakuna aliyefundishwa utotoni. Serikali nayo ina sababu yake: basi likiuzwa, litaendelea kuwafukizia moshi watoto wa mahali pengine. Mimi natoka upande ule wa dunia ambako magari ya namna hiyo huenda kuzeekea, kwa hiyo niliielewa serikali. Verlin hakuielewa. Alikuwa ameiweka hai injini ile miaka ishirini na miwili.

Akatafuta nyuma ya gereji injini iliyokufa zamani, akaitoboa vizuri, akaipiga picha, akaituma.

Wiki ya pili Bi Colleen LaBarge, mkuu wa shule zetu, alishuka gerejini na viatu vyake vya ofisini.

"Verlin, mama wa Albany amenipigia simu. Anasema namba ya injini kwenye picha si ya namba tisa."

"Walitaka tundu. Nimewapa tundu."

"Wanalitaka kwenye namba tisa."

"Colleen, namba tisa ni mzima."

"Ndiyo maana wanamtaka. Tumepewa mpaka Ijumaa. Ikipita, fedha zinakwenda wilaya nyingine, na nitakayesimama ukumbini kuwaeleza waliokuamini ni mimi."

Akaondoka. Verlin alikaa juu ya ndoo. Darlene ndiye aliyemsogelea.

"Mwenye basi ni mimi, na sijalia. Wewe unalia nini?"

"Silii."

"Basi funga koki, unavuja."

Alhamisi nilimkuta Verlin amekwisha kuliosha namba tisa, yumo chini yake na chujio jipya.

"Bwana, umechanganyikiwa?" nikamuuliza. "Gari linakwenda kutobolewa, nawe unalitia oili mpya?"

"Haliendi likiwa chafu."

Alimwambia Darlene aliendeshe kuzunguka jengo mara moja. Yeye alisimama mlangoni akisikiliza, mpaka likarudi na kuzimwa. Akaimwaga ile oili, safi kama asali, akachukua drili. Hakukubali kusaidiwa. Chuma kilikataa kwa muda mrefu, na ncha mbili zilikatika. Tundu lilipofunguka aliingiza vidole viwili, akavitoa, akavitazama.

"Haikuwa na kutu hata kidogo," akasema. Kisha, "Piga picha, Darlene. Safari hii namba ionekane."

Mabasi ya umeme yalifika Septemba. Wiki ya kwanza watoto wengi waliachwa, maana huku hakuna anayetoka nje mpaka asikie dizeli ikipanda kilima, na haya hupanda kimya. Verlin aliwapigia simu wazazi mmoja mmoja: "Masikio yamestaafu kabla yangu, mama. Mwambie mwanao achungulie dirishani." Akakaa darasani na mafundi wawili wa nusu ya umri wake, akajifunza betri kuanzia mwanzo, akiuliza maswali mpaka mwalimu akaomba mapumziko.

Januari ikaja, na nyuzi zake thelathini. Saa kumi na moja alfajiri Verlin alikuwa amekwisha kufika, vifaa vimepangwa, gari la kuokolea limewashwa. Mabasi yote manne yaliondoka, langu likiwa mojawapo. Harlan alipiga simu kuuliza, akaambiwa wajukuu wamefika shuleni na walikuwa na joto. Niliporudi, nilimkuta Verlin anafagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu. Hakuna hata kimoja kilichoharibika."

Zilikuwa habari njema, naye alizitoa kama habari njema. Kisha akakaa juu ya ndoo, akafungua soseji zake, akazila baridi.

Ikawa hivyo mpaka theluji ikayeyuka.

Verlin, kwa niaba ya madereva, mafundi na watoto ambao hawajui kwa nini hawakuwahi kukwama, tunakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi unaovuka mapambazuko, na subira ya Jeannine. Ishi vizuri, ndugu yetu.

Bi LaBarge amemwomba afikirie kuja siku mbili kwa wiki theluji itakapoanza. Verlin alimshukuru, akasema baridi aliyoiahidi imepita. Mafundi wale wawili ndio watakaofungua gereji Septemba. Yeye hatarudi.