Honorata, Mama wa Magongo wa Katubuka

Mwakeye, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Honorata Ndayikunda wa Katubuka, mama aliyewafundisha mabinti wa Kigoma mpira wa magongo. Alifariki wiki iliyopita kwa maradhi ya moyo. Mumewe, Mzee Gasper, ametuomba jambo moja: "Msimlilie redioni. Mke wangu alipenda kucheka." Basi tucheke naye.

Honorata alizaliwa hapa hapa Katubuka, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi. Mchezo huu alijifunzia katika chuo cha ualimu, akarudi nao nyumbani. Akamwendea mtendaji wa mtaa, akamwambia anaomba uwanja wa kuwafundishia mabinti gongo. Mtendaji akakunja uso, akamuuliza kama hajui kuwa pombe ile imepigwa marufuku. Honorata alicheka mpaka akakaa chini. Alipofafanua kuwa ni gongo la kupigia mpira, mtendaji naye akacheka, na uwanja ukapatikana.

Magongo waliyachonga wenyewe kwa miti ya mipera. Honorata alikuwa na sharti moja tu: hakuna timu ya wenyeji, hakuna timu ya wakimbizi. Wote wachanganyike.

Hapo ndipo penye kazi. Wakati ule mabinti wa mtaa walikuwa wakishikana mashati bombani kwa sababu ya foleni ya maji, wenyeji upande huu, waliotoka Burundi upande ule. Na Hamdani, fundi cherehani wa soko la Mwanga, akamkataza binti yake Mwavita kucheza na "watu wa kambini." Mwavita, wasikilizaji, ndiye aliyekuwa kipa wao, na kipa mwingine hawakuwa naye.

Honorata hakwenda kugombana. Alikwenda kwa Hamdani na vipande vya godoro kuukuu, akaomba ashonewe kinga za miguu za kipa. Hamdani akasema yeye hashoni vitu vya wakimbizi.

"Fundi," Honorata akamwambia taratibu, "mimi ni mtoto wa wakimbizi, na gauni hili nililovaa umelishona wewe."

Hamdani akalitazama lile gauni. Kisha akachukua futi yake, akauliza huyo kipa ana miguu mirefu kiasi gani.

"Kampime mwenyewe. Unakaa naye."

Jumamosi ile Hamdani alifika uwanjani, eti anaangalia kama nyuzi zitahimili. Akabaki mpaka mwisho. Timu ilipopanda boti kwenda kucheza katika kijiji cha Mwamgongo, naye alikuwemo, na huko alishangilia mpaka sauti ikamkauka. Siku hizi pale bombani mabinti wanatwishana ndoo.

Makaburini Hamdani alisema maneno machache: "Mama huyu alinirekebisha bila kunivunjia heshima."

Mzee Gasper, binti yenu Armelle, na mabinti wote wa magongo, poleni sana. Mungu ampumzishe Honorata kwa amani.

Nawe unayetusikiliza, jiulize leo: ni jirani yupi ambaye mwanao amekatazwa kucheza na watoto wake? Na aliyemkataza ni nani?