Kopo Lililobakiza Mtu Mmoja

Benchi letu ni la chuma, lina egemeo la bomba kila upande, na linatosha watu watano wembamba au wanne na Profesa. Siku ninayoisimulia lilijaa tangu saa nne asubuhi, na hakuna aliyekuwa amefanya kazi ya maana. Mimi, fundi cherehani, nilikuwa nimeacha suruali ya watu ina mguu mmoja. Profesa ni kinyozi, na jina hilo tulimpa kwa sababu tangu tumfahamu hajawahi kusema "sijui". Yeye alikuwa amemwacha mteja kwenye kiti na nusu ya ndevu. Mama Birika alishamimina kahawa ya pili bila kuombwa. Katikati yetu, mbele ya ukuta wake mwenyewe, alikaa fundi viatu, mzee Satelaiti, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, simu mkononi, uso umemshuka. Saa kumi na mbili jioni ya siku hiyo kopo lake lingefutwa kwenye ramani.

Kwa asiyeujua mchezo huu, ni hivi. Mtu anaficha kikopo chenye karatasi ndani, anaandika namba za mahali kilipo, na wachezaji wa kokote duniani wanafuata mshale kwenye simu mpaka hapo. Ukikipata unatia jina na tarehe, unakirudisha, na kwenye ukurasa wako hesabu inapanda. Kuna watu wana mamia. Ukurasa wa Satelaiti umeandikwa sifuri, maana mguu ule haumfikishi hata kona ya pili. Lakini kikopo alichokificha yeye kilishapatwa na watu tisini na tisa. Alibakiza mmoja tu zitimie mia.

— Hebu soma tena hiyo barua ya msimamizi wa mchezo, nikamwambia.

— "Ndugu mwenye kopo," akasoma Satelaiti. "Watu watano mfululizo hawakulipata kopo lako. Wewe umeandika mara sita kwamba umelitengeneza. Lisipopatwa na mtu hadi leo saa kumi na mbili jioni, tutaliondoa." Ndugu! Ananifukuza huku ananiita ndugu!

— Na kopo lenyewe lipo?

— Lipo! Leo alfajiri nimelishika. Karatasi kavu, penseli nimeichonga, kizibo nimekata kipya kwa soli ya buti. Mvua haiingii, vumbi haliingii, mende haingii.

— Na binadamu naye haingii, akasema Mama Birika.

Kikopo kilikuwa ndani ya bomba la egemeo la kushoto, chini ya kiwiko changu kabisa. Sote wa kijiweni tulijua, na sote tulikuwa tumeapa. Akija mtafutaji, tunatoa macho kama ng'ombe na kuzungumzia bei ya nyanya. Mama Birika aliwahi kukohoa mgeni alipokaribia, tukampiga marufuku kuongea kutwa nzima, na kahawa ya siku ile ilikuwa chungu sana.

Takwimu akafungua daftari lake. Huyu ni msoma mita za maji mstaafu; mita zimemwachia, yeye hajaziachia namba.

— Sikilizeni hawa watano walivyoandika. Wa kwanza: "Sijalipata." Wa pili: "Sijalipata, na nimechunguliwa na wazee wenye macho ya ajabu."

— Hao ni sisi, nikasema.

— Wa tatu: "Kidokezo kinasema 'Pumzika kidogo', lakini hapana hata pa kukaa."

Satelaiti akagonga fimbo chini.

— Dharau hiyo! Tumekaa hapa watu wazima watano, benchi zima la chuma, yeye anasema hapana pa kukaa. Alitaka kochi?

— Watu wa siku hizi, akasema Mama Birika. Ukimwambia apumzike anadai kitanda.

— Ngojeni, bado, akasema Takwimu. Tangu lile turubai lililokuwa juu yetu litolewe, ni miezi miwili. Ndani ya miezi hiyo, waliolipata ni saba, wote asubuhi. Waliolikosa ni watano, wote mchana. Hata mmoja hajavuka mstari wa adhuhuri.

Profesa akaweka kikombe chini taratibu. Tukajua inakuja.

— Jua, akasema.

— Jua limefanya nini?

— Chuma kikipata joto kinafanyaje? Kinatanuka. Ardhi nayo ina chuma tele tumboni. Mchana ardhi inavimba. Ikivimba, mahali panasogea. Asubuhi kopo liko hapa, mchana liko kule.

— Lisogee bila sisi kuona? nikauliza. Tumekaa juu yake!

— Hapo ndipo penye elimu, fundi. Hamuoni kwa sababu na nyinyi mnakwenda nalo.

— Profesa! Bosi! mteja wake akaita kutoka kwenye mlango wa kinyozi, shavu moja jeupe kwa sabuni. Na mimi hapa nimevimba kwa kungoja!

— Kaa, ndevu hazina miguu! akajibu Profesa bila kugeuka.

Jua likawa limetufika magotini.

— Haya, nyanyukeni, akasema Mama Birika, nisije nikauza kahawa ya kuchoma watu.

Tukanyanyuka kama tunavyonyanyuka kila siku saa hiyo. Satelaiti akatangulia na fimbo yake, sisi wanne tukashika pembe nne za benchi, tukavuka barabara hadi kwenye kivuli cha ukuta wangu. Ni hatua ishirini na mbili. Takwimu alishazihesabu kitambo. Ubishi wenyewe haukukatika hata pale katikati ya barabara, baiskeli zikitupigia kengele.

— Mimi simo kwenye mambo ya ardhi kuvimba, akasema Mama Birika akihema. Huu ni wivu tu. Si kuna yule bwana mwenye makopo elfu nne? Anayejiita Mfalme wa Makopo?

— Ana elfu nne mia moja na sita, akasema Takwimu.

— Huyo! Ameona mzee wetu anaikaribia mia bila kutoka hapa, roho imemuuma. Anatuma watu wazunguke wazunguke kisha waandike "sijalipata".

— Mtu mwenye elfu nne amuonee wivu mtu mwenye sifuri? nikauliza.

— Wenye vingi ndio hawalali!

Tukaliweka benchi chini, tukakaa, kila mtu pale pale alipozoea.

— Mimi naona ni tumbo, akasema Takwimu. Mchana mtu ameshakula. Aliyeshiba hainami. Asipoinama haoni.

— Kopo haliko chini, mzee mwenzangu, akasema Satelaiti.

— Basi hainuki.

Na mimi nikaona nisiachwe nyuma. Nikawaambia labda ni cherehani yangu: chuma kile, sindano zile, makasi yale, pengine vinavuta mshale wa simu za watu.

— Unaua kopo langu kwa cherehani! Satelaiti akanikaripia. Izime!

— Haiendi kwa umeme, mzee. Na tangu asubuhi haijatembea. Nenda ukaone suruali ina mguu mmoja.

— Nyote hamjafika, akasema Profesa, na macho yakaanza kumng'aa vibaya. Nimeshaelewa. Mtaa huu uko mara mbili.

— Eeeh?

— Kuna mtaa mwingine upande wa pili wa dunia, sawasawa na huu. Ukuta ule ule, kinyozi yule yule. Asubuhi satelaiti za angani ziko kwetu. Mchana zinazunguka, zinapeleka wageni wetu kule. Hivi tunavyosema kuna fundi viatu kule anashangaa watu wanatoka wapi.

— Na kopo la huyo wa kule wamelipata wangapi? akauliza Satelaiti, sauti ndogo.

— Mia na tano.

Tulicheka mpaka Mama Birika akamwaga kahawa kwenye daftari la Takwimu, ukurasa wa wastani wa watafutaji kwa mwezi. Nilipofuta machozi ndipo nikaona kuwa Satelaiti hakucheka.

— Cheka, mzee, nikamwambia. Ni upuuzi wa Profesa tu.

— Najua. Akaizungusha simu mkononi. Mimi sitaki zawadi, jamani. Mguu huu umenikalisha hapa miaka kumi na moja. Wenzangu wanatoka kuitafuta dunia, mimi nikasema nitaitegea kikopo, ije yenyewe. Imekuja mara tisini na tisa. Wengine walikaa nami hapo hapo, wakanisimulia kwao. Nilitaka kuiona mia, basi.

 Nilimhurumia mzee yule, nikaweka kikombe chini, na Profesa akakuna kichwa akitazama pembeni.

Ndipo tukamwona. Mwanamke mmoja, begi mgongoni, viatu vimejaa vumbi, alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara mbele ya ukuta wa fundi viatu. Simu aliishika mbele ya kifua kwa mikono miwili. Hakuna anayeishika simu hivyo ila mtafutaji.

— Nyuso! akanong'ona Takwimu.

Tukatoa macho ya ng'ombe.

— Nyanya zimepanda, nikasema.

— Zimepanda sana, akajibu Mama Birika, mdomo ameuziba kwa mikono yote miwili asije akakohoa.

Mgeni alizunguka mara moja, akazunguka mara ya pili. Akapapasa ukuta. Akainua jiwe, akalirudisha vizuri. Akachungulia mfereji. Jua lilikuwa linamwakia kichwani, na kila alipotoka pale simu ilimrudisha pale pale.

— Yule mama amepoteza pete? akauliza mwenye nusu ndevu, ambaye sasa alikuwa ametoka nje kabisa na taulo shingoni.

— Nyamaza na sabuni yako! tukamwambia wote kwa pamoja.

Nilimtupia jicho Satelaiti.  Sheria ya mchezo inajulikana: mwenye kopo haonyeshi kwa neno wala kwa kidole. Angeweza kudanganya, na hata msimamizi asingejua. Akakaa juu ya mikono yake yote miwili.

Mgeni akavuka barabara, akaja hadi kwetu.

— Habari zenu, wazee wangu.

— Njema, mwanangu, karibu.

— Asante. Nimepanda mabasi mawili kuja hapa. Kuna mchezo ninaoucheza, sijui kama mmeusikia.

— Hatujausikia kabisa, akasema Profesa, mwongo wa kwanza.

— Nimeshapata makopo mia nne tisini na tisa. La mia tano nilikuwa nalitunzia mahali pazuri, nikachagua la hapa. Watu wengi wameandika kwamba mwenyewe hukaa karibu, na ukilipata anafurahi kuliko wewe uliyelipata.

Satelaiti akaivuta kofia hadi kwenye nyusi. Mama Birika alitoa sauti fulani, ikawa kikohozi, na safari hii hakuna aliyemlaumu.

— Sasa kidokezo kinasema "Pumzika kidogo", akaendelea mgeni. Na simu inaniambia ni pale. Lakini pale ni jua tupu, hapana hata jiwe la kukalia. Ila chini kuna alama nne za kutu.

Akageuka akazitazama zile alama ng'ambo ya barabara. Kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, halafu akashusha macho hadi kwenye miguu minne ya benchi.

— Samahani, wazee wangu. Hili benchi hukaa hapa hapa siku zote?

Penseli ya Takwimu ilianguka. Ilibingirika mpaka kwenye kiatu changu na hakuna aliyeinama kuiokota. Miezi miwili tulikuwa tumelibeba kopo la watu kila mchana, kwa mikono yetu, huku tukitafuta mwizi wake mbinguni na tumboni mwa ardhi.

Profesa alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

— Si... akasema. Si... Na likamkwama hapo hapo.

 Tukisema ndiyo, tumesema uongo. Tukisema hapana, tumemwonyesha. Mgeni alingoja kwa adabu, simu mkononi.

Mama Birika ndiye aliyeweka vikombe chini.

— Shikeni, akasema.

Tukashika. Mimi kushoto, Takwimu kulia, Mama Birika na Profesa nyuma, na yule mwenye nusu ndevu akaja mbio kushika katikati bila kujua anabebea nini.

— Ngojeni basi nishuke! akapiga kelele Satelaiti.

— Kaa hapo hapo!

Tukavuka naye barabara akiwa amekaa, fimbo juu ya mapaja, kofia imekaa upande. Baiskeli zikasimama. Mwenye duka la pembeni akatoka kuuliza nani anaoa. Takwimu alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akihema, na Satelaiti alikuwa ameanza kucheka, kicheko cha mtu anayebebwa na hakutarajia, kinatikisa benchi zima. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Tukaishusha miguu minne kwenye zile alama nne za kutu, ikaingia sawasawa.

Mgeni alikuwa anatufuata nyuma, macho kwenye simu. Akasimama mbele ya benchi. Simu ikalia mlio mmoja mfupi.

— Nyanya zimepanda, nikasema, kwa sababu sheria ni sheria.

— Naona, akajibu. Akamsogelea Satelaiti, akakaa upande wake wa kushoto, akashusha pumzi, akaulaza mkono kwenye egemeo. Akapumzika kidogo. Kisha vidole vikaanza kupapasa ncha ya bomba, na kizibo cha soli ya buti kikatoka.

Satelaiti hakungoja karatasi ifunguliwe. Alikuwa analia waziwazi, na kucheka, na kumshika mgeni mkono akiutikisa kama anapiga pampu.

— Mia, akasema Takwimu. Sauti yake nayo haikuwa imara. Mia kamili, saa nane na dakika kumi. Na wa kwanza wa mchana tangu turubai litolewe.

— Na mia tano, akasema mgeni.

Mama Birika alimpa kahawa ya mwisho iliyobaki kwenye birika. Profesa alirudi na wembe, akamaliza zile ndevu pale pale barabarani. Jua lilituchoma sote, na ukuta wangu ulikuwa na kivuli kizuri kabisa ng'ambo, kitupu. Tulikaa vile vile mpaka saa kumi na mbili ikapita, tukingoja wa mia na moja, na hakuna aliyetaja kuhama.