Hapa Hakuna Baba

"Miaka yote nilikuwa nawaambia wajawazito, hapa hakuna mama wala baba, sukuma mwenyewe," alisema mkunga aliyeketi mbele yangu kwenye treni, mwanawe mchanga kifuani. Seremala wa kando yake, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, alisema ndivyo inavyotakiwa; yeye hata kitanda chake amejichongea.

"Siku yangu ikafika, mtoto akakwama. Nikalia, 'Baba!' Wanafunzi wangu wakaduwaa. Baba yangu alitukimbia sijaota hata meno. Neno hilo sijawahi kumwita mtu."

"Sasa ulikuwa unamwita nani?" seremala aliuliza.

"Mungu. Nilishtuka mwenyewe. Hata kanisani nilikuwa namwita Bwana tu, kama mkuu wa zamu. Nampa taarifa, naendelea na kazi."

"Huo ni uchungu tu, dada. Mungu kasema jisaidie nikusaidie."

"Kasema wapi?"

Treni ikasimama. Mkunga akampakatisha seremala mtoto ghafla ili ashushe begi lake. Mtoto alifumbua macho, akamwona mgeni, akaendelea kulala. Seremala hakuthubutu hata kupumua, amemkumbatia kwa ile mikono ya kuchonga vitanda.