Jina la Pampu Si Jina Letu

Sogeeni, wanangu, Noela, kaa upande wa sikio linalosikia, nawe Enock, uache kusimama mlangoni kama mgeni anayetafuta njia ya kuaga, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni haba, wakili Serafina anarudi kesho kutoka Mwanza, nami sina ahadi na kesho.

Karakana hii ya Kharumwa, kiwanja chake na mashine ya kuchomelea nawaachia nyote wawili, msije mkaigawa kwa ugomvi. Ng'ombe walioko kwa mjomba wenu ni wa mama yenu, asiulizwe na mtu. Hayo ni mepesi. Linalonigeuzageuza kitandani kama niliyelalia siafu ni lile jina.

Mnajua nilivyolipata. Ujana wangu wote niliumalizia kwenye pampu za Torvana, zile nyekundu zinazokausha maji mashimoni, hata wachimbaji wakasahau kwamba naitwa Athanas, shimo likifurika walinipigia kelele toka ng'ambo, "Mzee Torvana, kimbia, maji yamefika kiunoni na Nasibu hajui kuogelea!" nami nikaenda nikicheka. Ndiyo desturi ya machimboni, mtu kuitwa kwa kile anachokishika. Lakini wewe, Enock, jina nililopewa kwa mzaha ukaliona urithi, ukalisajili mtandaoni liwe anwani ya karakana yetu, kwa kitambulisho changu na namba yangu ya simu, na nilipokuuliza ukanijibu, "Baba, nimelitafuta, lilikuwa wazi. Mtandaoni ni kama rashi tu, anayewahi kuchomeka kijiti ndiye mwenye shimo."

Mwanangu, wewe hukumwona Chacha. Dhahabu iliposikika kule mlimani na watu wakakurupuka kutoka kila pembe, na kukurupuka huko ndiko kuitwako rashi, Chacha alikuwa wa kwanza kuchomeka kijiti, akachimba hadi akaugusa mwamba wenye mali. Ndipo akaja mtu ambaye leseni yake iliufunika mlima ule, na mipaka yake ilikwisha andikwa serikalini kabla Chacha hajanunua sururu. Kijiti kilikuwa cha kweli, jasho lilikuwa la kweli, na shimo halikuwa lake. Mwenye leseni akaniita nikaushe maji, nikaenda, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, Chacha akasimama ukingoni akaniambia, "Nyonya, Torvana, nyonya na damu yangu imo humo." Tangu siku ile tukipishana njiani, yeye hugeuza uso akatazama ng'ombe.

Na jina la mtandaoni ni vivyo hivyo. Anayekuuzia anwani haulizi kama jina lina mwenyewe. Hupokea ada akakuandika. Alama za biashara huandikwa kwingine, na huko ndiko ulikopaswa kuanzia. Si mlimsikia Serafina, wakili wa kiwanda cha Torvana, alipoketi pale juu ya ndoo iliyopinduliwa? "Shikamoo, baba. Sikuja kugombana. Watu wanaagiza vipuri kwenye anwani hii wakidhani wanazungumza na kiwanda." Enock ukadakia kwamba utaongeza neno Geita mwishoni, na kama hawaridhiki, basi walinunue. Binti wa watu akatabasamu: "Ukiongeza Geita, jina la wenyewe bado limo ndani. Na ukiwatajia bei, kaka, utakuwa umenipa ushahidi wa nia mbaya niliokuwa nautafuta." Noela ulicheka hadi ukashika ukuta; mimi sikucheka, kwa kuwa jina lile limeandikwa kwangu, na nikifa nalo mtairithi kesi kabla ya kuirithi karakana.

Nguo ya kuazima haisitiri makalio. Andikeni kwamba mnatengeneza pampu za Torvana, hilo ni kweli, na ukweli haukatazwi. Ila nyumba yenu iiteni jina mlilolizaa wenyewe. Litafuteni kwanza kwenye alama za biashara, si lile lile tu, bali hata yanayofanana nalo. Muulizeni ajuaye sheria. Kisha lisajilini kule kwenye alama na huku mtandaoni, kabla rangi ya kibao haijakauka. Msikimbie. Jina zuri si kumbikumbi, halitaruka asubuhi.

Nipeni maji... Basi, yatosha.

Enock, kabla sijazikwa, nenda kwa Chacha, nenda kwa miguu, umwambie Athanas anamwomba atupe udongo wa kwanza kaburini mwangu. Akikutukana, itika. Na msalabani pasiandikwe Torvana, hata wachimbaji wakilia kwamba hawamjui aliyelala pale.

Sasa leteni ile simu. Lile jina tunawarudishia kiwanda leo, kabla Serafina hajafika; ujumbe wa kuthibitisha utakuja humu, na simu hii haifunguki ila kwa kidole changu... Kishike, Enock, kibonyeze vizuri, mwanangu, kingali na joto. Imefunguka? Basi Mwenyezi Mungu awafungulie na ninyi, milango isiyo na mwenyewe wa kuwafukuza. Mkono wenu ushike chuma, chuma kitii. Mlale usiku bila kuuliza nani anagonga...

Thibitisha wewe uliyeliandika. Nisomee... Limekwenda?

Wabeja, mwanangu, asante. Wabeja.

Mama Noela... uko wapi? Niite jina langu, nisikie.