Binti wa Manase na Daftari la Hangaria

Mwaka 1957, pale Pongwe, benchi la kahawa lilikuwa ubavuni mwa nyumba yetu, nami nilisikia yote nikisuka ukili. Manase, mkata mkonge, alikuwa na binti wa siku nane asiye na jina. Fundi mitambo wa shamba, mkimbizi kutoka Hangaria tuliyemwita Sabo, ndiye aliyemwahisha mke wa Manase hospitali kwa gari, mvua ikimwagika. Manase akaapa mbele ya watu kwamba mtoto atabeba jina la Mzungu huyo. Padri alitaka jina kabla ya saa kumi, na saa tisa ilikwisha pita. Washauri walikuwa Idarusi, aliyeitwa Wakili kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi mahakamani mara moja, na Badr, aliyeitwa Redio.

— Mwite Sabo, yaishe, alisema Redio.

— Sabo ni la ukoo, alijibu Manase. Kwao ukoo hutangulia, jina la mtu hufuata. Yeye hasa ni Laslo.

— Kumbe miezi minne tunamwamkia babu yake! alisema Wakili. Haya, mwite Laslo.

— Nilimwambia. Alicheka mpaka akakaa chini. Laslo ni la kiume, na karani wao hamwandiki msichana jina la kiume. Wana daftari la serikali. Jina lisilomo haliandikwi mpaka uombe ruhusa.

Redio akaweka kikombe chini.

— Nimeelewa. Majina yao ni ya mgawo, kama sukari wakati wa vita. Mtu akifa, jina linarudi ghalani, linapigwa pasi, anapewa mwingine.

— Basi hapo kuna kesi, alisema Wakili. Ukichukua jina lao, kuna mtoto kule atakosa. Mwanao atakuwa amepokea mali ya wizi.

— Ana siku nane, Wakili!

— Sheria haiulizi umri.

— Lakini kila jina lina siku yake kwenye kalenda, Manase alijitetea. Siku hiyo mwenye jina huletewa maua.

— Maua gani! alisema Redio. Siku hiyo wanakagua. Ukikutwa na jina lisilo lako, unalivua palepale.

Manase akashika kichwa.

— Niliapa, jamani. Mbele ya mama mkwe!

Hapo akatokea mkewe, Praxeda, mtoto begani.

— Shikamooni.

— Marahaba. Mtoto hajambo?

— Hajambo, hana jina tu. Baba Ernesti, alimwambia mumewe, padri anangoja. Mmefika wapi?

Wakili akamweleza kesi yote, pamoja na ghala. Praxeda akamhamishia mtoto bega la pili.

— Nimesikia, baba. Msichana apewe jina la kike. Sasa mama yake Bwana Laslo anaitwa nani?

Wakili akamtazama Redio. Redio akatazama kikombe. Miezi minne walikunywa kahawa na yule mtu, wakamuuliza habari za theluji, wakamuuliza bei ya ng'ombe wa kwao; jina la mama yake hawakuuliza.

Manase akachukua baiskeli ya Wakili bila kuomba, akakanyaga kuelekea shambani.