Nyundo Ndogo Ikilazwa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mhunzi aliyeitwa Cheche. Aliuawa kwa nyundo, mbele ya fuawe yake mwenyewe, lile pande la chuma alilofulia tangu ujana.

Uhunzi una lugha yake. Cheche aligonga kwa nyundo ndogo pale alipotaka chuma kipigwe. Mpigaji akashusha nyundo kubwa papo hapo. Nyundo ndogo ikilazwa ubavu, maana yake ni moja: simama. Hakuna anayefungua kinywa.

Mpigaji wake alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mdogo. Mtu wa miraba minne, na mvutaji wa bangi.

"Shemeji, macho hayo umeyaosha kwa pilipili?" Cheche alimtania.

"Moshi wa makaa huo!"

"Makaa ya wapi yananuka hivyo?"

Shemeji akacheka mpaka akakohoa. "Nikivuta, nyundo inakuwa nyepesi kama mwiko!"

Cheche alitaka kumfukuza. Akamwambia dada yake. Dada akapandisha mkono wa gauni, akamwonyesha bega lililovimba.

"Kaka, akikosa chuma cha kupiga, atanipiga mimi."

Cheche akawaza: Heri kipigo kiishie kwenye chuma. Akambakiza.

Siku ile shemeji alirudi kutoka kuvuta nyuma ya karakana, kinywa kimemkauka, moyo unamwenda mbio. Chuma kilishaiva, chekundu. Wakaanza: ndogo, kubwa, ndogo, kubwa. Cheche akailaza nyundo ndogo. Akainama kutazama kama chuma kimenyooka.

Nyundo kubwa ikashuka. Ikampasua kisogo. Damu ikamwagikia chuma cha moto, ikachemka.

"Niliona ameilaza!" shemeji alipiga kelele. "Haki ya Mungu, niliona!"

Na kweli aliona. Daktari alitueleza kwamba bangi huuchelewesha mwili kutii kile ambacho jicho limekwisha kuona. Jicho liliona, wapendwa. Mkono ulichelewa. Narudia: jicho liliona, mkono ulichelewa.

Mume yuko rumande. Dada ametuambia maneno machache tu: "Pigo lile lilikuwa langu. Kaka alinipokelea."

Mama mzazi, dada, na wote mliobaki, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nawe msikilizaji uliyeficha msokoto mfukoni, unaelekea kwenye mashine, kwenye usukani, au nyumbani kwa mkeo: nyundo ndogo imelazwa. Simama.